Kowalski: asili ya jina, uenezi wake na namna ya kulifuatilia (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Kowalski ni jina la ukoo la pili kwa wingi nchini Poland, na ni miongoni mwa majina ya Kipoland yaliyosafiri mbali zaidi. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanalifahamu kupitia Mtakatifu Faustina Kowalska, mtawa wa Kipoland (Kowalska ni umbo la kike la Kowalski). Waliozuru makaburi ya Wapoland waliopelekwa wakati wa vita kule Tengeru, karibu na Arusha, wameona majina mengi ya mwisho huohuo wa -ski na -ska.

Kabla ya kusoma zaidi shika jambo moja, maana makosa mengi hutokana na kulisahau: Kowalski halikuanzia mahali pamoja wala kwa mtu mmoja. Limezuka mara nyingi mno, kijiji hiki na kile, bila wenyewe kujuana. Jina peke yake halithibitishi undugu. Safari ya kuuthibitisha huanzia kijijini.

Kowalski maana yake nini?

Shina lake ni *kowal*, yaani mhunzi, mfua chuma. Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kislavoni chenye maana ya kufua kwa nyundo. Kipande cha mwisho, *-ski*, ni kiambishi kinachogeuza nomino kuwa kivumishi, na msemaji wa Kiswahili hatapata shida kukielewa, kwa sababu kazi yake ni ileile ya "-a" unganifu. Kowalski ni kama kusema "wa mhunzi" au "wa Kowale", Kowale likiwa jina la kijiji. Na kama "-a" inavyobadilika kufuata ngeli, ikawa "wa", "ya" au "la", ndivyo *-ski* inavyobadilika kufuata jinsia na idadi ya wanaotajwa.

Jina hili lilipatikana kwa njia tatu:

1. Mtu alikuwa mhunzi, au mwana wa mhunzi, au alikaa kwenye kiwanja cha mhunzi, na majirani wakamwita hivyo.
2. Mtu alitoka mahali penye jina lenye shina hilo, kama Kowale, Kowalewo au mji wa Kowal huko Kujawy, alikozaliwa mfalme Kazimierz Mkuu mwaka 1310.
3. Mtu aliitwa Kowal au Kowalik tangu zamani, kisha yeye au wanawe wakaongeza *-ski* kwa sababu iliwapendeza masikioni.

Ukiwa na jina tu mkononi huwezi kusema babu yako alipita njia ipi. Mpaka ufungue daftari la parokia.

Kwa hiyo kila Kowalski ni wa uzao wa mhunzi?

Hapana. Aliyepewa jina kwa sababu ya kutoka Kowale huenda hakuwahi kushika nyundo. Tena, jina likishatulia, linarithiwa hata kama kazi imebadilika. Baba yake Faustina, Stanisław Kowalski wa kijiji cha Głogowiec katikati ya Poland, alikuwa seremala na mkulima.

Ipo pia sababu ya kihistoria. Katika karne za mwanzo za dola ya Poland, chini ya watawala wa nasaba ya Piast, palikuwa na vijiji vya utumishi: wakazi wake walidaiwa na mtawala kazi au bidhaa ya aina moja. Vijiji hivyo vilibaki na majina ya kazi zao kwa wingi. Kowale ni "wahunzi", Szewce ni "washona viatu", Piekary ni "waoka mikate". Mtu aliyeondoka Kowale miaka mia tatu baadaye na kuitwa Kowalski alikuwa amebeba jina la kijiji chake, wala si la kazi yake.

Mbona wahunzi walikuwa na nguvu kiasi hicho katika majina?

Kwa sababu kijiji kiliweza kuishi bila mfinyanzi wake au mfumaji wake, lakini bila mhunzi kilikwama. Yeye ndiye aliyetengeneza jembe la kukokotwa, mundu, shoka, bawaba za mlango, mikanda ya chuma ya magurudumu, na kuwavika farasi viatu. Na mhunzi mmoja alitosha kijiji kizima, mara nyingine vijiji viwili au vitatu. Hapo ndipo penye siri ya jina. Ukisema "mkulima" katika kijiji cha wakulima hujamtambulisha mtu. Ukisema "yule wa mhunzi", kila mmoja anajua nyumba unayoitaja. Jina la ukoo huzaliwa pale linapotenganisha mtu na wenzake.

Mambo hayohayo yalitokea kwingine. Wajerumani wana Schmidt, Waingereza wana Smith, Wahungaria wana Kovács (walilolichukua kutoka kwa Waslavoni), Waslovakia wana Kováč, Wacheki wana Kovář, Waukraine wana Kovalenko na Kovalchuk, Waitalia wana Ferrari, Wafaransa wana Lefebvre. Waarabu wana Haddad, jina ambalo mwambao wa Afrika Mashariki unalijua vizuri kupitia Ratib ya Imam al-Haddad wa Hadhramaut. Yote haya yanarudi kwenye fuawe na nyundo, ila hakuna hata mawili yanayohusiana kwa damu kwa sababu hiyo.

Je, -ski ni dalili ya ukabaila?

Hili ndilo swali linalopoteza watu wengi, tena kwa miaka.

Mwanzo, kuanzia karne ya 14 na ya 15, majina ya *-ski* yalikuwa kweli ya makabaila. Mwenye Tarnów aliitwa Tarnowski, yaani "wa Tarnów", na hapo jina lilikuwa kama hati ya shamba. Lakini kadiri miaka ilivyopita, wenyeji wa mijini walianza kuiga, na wakulima wakafuata, hasa katika karne ya 18 na ya 19. *-Ski* ikawa sura ya kawaida ya jina la Kipoland. Leo ukimkuta mtu anaitwa Kowalski huwezi kusema chochote kuhusu hadhi ya babu zake.

Zilikuwepo familia za kikabaila zenye jina hili. Mchoraji Alfred Wierusz-Kowalski, aliyezaliwa 1849 na kufariki 1915, alitoka katika mojawapo, na neno Wierusz mbele ya jina lake linaashiria nembo ya ukoo wao. Ila makabaila wote pamoja walikuwa takriban sehemu moja kwa kumi ya watu wa Poland ya kale. Akina Kowalski walio wengi ni wazao wa wakulima.

Kwa hiyo ukiona mtu anauza nembo ya "ukoo wa Kowalski" iliyochapwa kwenye sahani au cheti, usinunue. Katika Poland nembo haikufuata jina. Ilifuata familia moja mahususi, na familia nyingi zisizo na undugu ziliweza kutumia nembo moja. Haki ya nembo huthibitishwa kwa mfululizo wa vizazi unaofika kwa kabaila anayejulikana, kizazi kwa kizazi, kwa hati.

Wapo akina Kowalski wangapi?

Nchini Poland ni kati ya 135,000 na 140,000 ukihesabu wanaume na wanawake pamoja. Katika nchi ya watu wapatao milioni 38, hiyo ni mtu mmoja katika kila 270 hadi 280. Wanaotangulia ni Nowak tu, ambao ni takriban 200,000. Nyuma yao wanafuata Wiśniewski, Wójcik na Kowalczyk.

Takwimu hizi hutokana na PESEL, rejista ya taifa ya watu, na serikali ya Poland hutoa orodha mpya kila mwaka kwenye tovuti ya dane.gov.pl. Kuna mtego hapa. Orodha ni mbili, ya majina ya wanaume na ya wanawake. Nowak liko sawa kwenye zote mbili, lakini Kowalski lipo kwenye orodha ya wanaume na Kowalska kwenye ya wanawake. Anayesoma orodha moja tu na kutangaza "idadi ya akina Kowalski" amewaacha nusu yao nje. Jumlisha kwanza.

Na ukijumlisha majina yote yenye shina la *kowal*, yaani Kowalski na Kowalczyk na Kowal na Kowalik na Kowalewski na wengineo, wahunzi wanawapita akina Nowak kwa mbali.

Wametoka sehemu gani ya Poland?

Kila sehemu. Majina mengine ya Kipoland yana kwao: ukiyaweka kwenye ramani yanajikusanya wilaya mbili tatu. Kowalski halifanyi hivyo, na sababu umeshaiona: kila kijiji kilikuwa na mhunzi.

Zipo tovuti zinazochora ramani za majina kwa rangi. Zitumie kwa majina adimu. Kwa Kowalski ramani itakuonyesha tu mahali penye watu wengi. Tena kuna jambo la 1945: mipaka ya Poland ilisogezwa magharibi, na mamilioni ya watu walihamishwa kutoka mashariki kwenda maeneo yaliyokuwa ya Ujerumani. Akina Kowalski wa Wrocław au Szczecin wa leo, walio wengi, babu zao hawakuzaliwa huko. Ukianza utafiti kwenye madaftari ya zamani ya miji hiyo utakuta majina ya Kijerumani, na utafunga kazi ukidhani hati zimepotea.

Ni Kowalski au Kowalska?

Yote mawili, kutegemea anayetajwa. Hawa wote ni wa familia ileile:

- Mwanamume: Kowalski.
- Mwanamke, awe mke au binti: Kowalska.
- Akina Kowalski, mume na mke au kundi lenye mwanamume ndani yake: Kowalscy.
- Wanawake peke yao: Kowalskie.

Jina pia hubadilika kufuata kazi yake ndani ya sentensi. "Mwana wa Jan Kowalski" huandikwa *syn Jana Kowalskiego*. "Binti wa Anna Kowalska" ni *córka Anny Kowalskiej*. "Kaburi la familia ya akina Kowalski" ni *grób rodziny Kowalskich*. Ukikuta Kowalskiego, Kowalskiemu, Kowalskim, Kowalskiej, Kowalską au Kowalskich, hayo si majina mapya. Tunayataja kwa sababu tumeona miti ya ukoo iliyojazwa mtu anayeitwa "Jana Kowalskiego", akiwekwa kama mwanamke, eti kwa kuwa Jana inaonekana kuwa jina la kike.

Zamani wanawake waliitwa pia kwa viambishi *-owa* kwa mke na *-ówna* kwa binti asiyeolewa: Nowakowa, Nowakówna. Hivyo vilitumika kwa majina yaliyo nomino. Mke wa bwana Kowal angeitwa Kowalowa, na binti yake Kowalówna. Kwa Kowalski haikuwa hivyo. Mke na binti wote ni Kowalska, na bila neno *z domu*, linalotangulia jina la kuzaliwa, huwezi kujua ni yupi.

Nje ya Poland mara nyingi wanawake huandikwa Kowalski kama wanaume. Mwanamke mmoja anaweza kuwa Kowalska kwenye cheti cha ubatizo na Kowalski kwenye pasi ya nchi nyingine. Kama unafunga ndoa na Mpoland, amueni mapema umbo lipi litaandikwa, na liwe hilohilo kwenye cheti cha ndoa, pasi na benki. Kulinyoosha baadaye kunachukua miezi.

Linatamkwaje?

Ko-VAL-ski. Herufi *w* ya Kipoland ni *v* ya Kiswahili. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, vilevile kama Kiswahili, kwa hiyo Mswahili hulitamka vizuri kuliko Mwingereza.

Kumwita mtu kwa heshima: *Pan Kowalski* ni Bwana Kowalski, *Pani Kowalska* ni Bi Kowalska, na *Państwo Kowalscy* ni Bwana na Bibi Kowalski.

Kowalczyk, Kowalik, Kowalewski: ni ukoo mmoja na Kowalski?

Kwa shina, ndiyo. Kwa damu, si lazima.

Kowalczyk ni mwana wa mhunzi au mwanagenzi wake. Kowalik ni "mhunzi mdogo", na huweza pia kuwa mtoto wa mhunzi. Kowalewski kwa kawaida ni mtu wa Kowalewo. Kowalczuk na Kowalenko yana sura ya mashariki, upande wa Ukraine na Belarus.

Lakini usiyatenge kabisa unapotafiti. Kabla ya karne ya 19 majina ya wakulima yalikuwa bado yanatembea. Mtu yuleyule aliweza kubatizwa mwana wa Kowal, akaoa kama Kowalczyk na kuzikwa kama Kowalski, na padri hakuona tatizo lolote kwa kuwa kijiji kizima kilimjua. Madaftari ya Kilatini yanaongeza ugumu. Padri aliandika *faber*, yaani mhunzi kwa Kilatini, na wewe inabidi uamue kama ni kazi ya mtu au ni jina lake limetafsiriwa. Kipimo ni hiki: tazama watoto wake wote wa mke huyohuyo, mmoja baada ya mwingine. Kama neno linabadilika kati ya *faber* na Kowal huku majina ya wazazi na kijiji vikibaki vilevile, ni mtu mmoja.

Kwa nini Wapoland husema "Jan Kowalski" kumaanisha mtu yeyote?

Ndilo jina la mfano kwenye fomu za serikali na benki. *Przeciętny Kowalski* ni mwananchi wa kawaida. Nowak ni wengi zaidi, lakini *-ski* ndiyo inayosikika kuwa ya Kipoland kabisa, na Nowak lina ndugu zake katika lugha jirani.

Sifa hiyo imevuka bahari. Mpiganaji mieleka Killer Kowalski, aliyezaliwa Windsor, Kanada mwaka 1926 kwa wazazi wa Kipoland, ukoo wake ulikuwa Spulnik. Kowalski lilikuwa jina la ulingoni, na baadaye alilifanya la kisheria. Mtafiti wa uzao wake akianza na Kowalski amepotea hatua ya kwanza.

Jina lilibadilikaje nje ya Poland?

Kowalsky, Kovalsky, Kovalski na Kowalske ndiyo maumbo ya kawaida. Lithuania wana Kovalskis. Ujerumani wapo akina Kowalski wengi katika eneo la Ruhr, ambako Wapoland walihamia kuchimba makaa ya mawe kuanzia miaka ya 1870. Wengine walitafsiri jina zima wakawa Schmidt au Smith.

Husemwa sana kwamba maofisa wa uhamiaji wa Ellis Island, New York, waliwabadilishia wahamiaji majina. Haikuwa hivyo. Walifuata orodha za abiria zilizoandikwa bandarini Ulaya kabla meli haijang'oa nanga. Mabadiliko yalifanywa baadaye na wahamiaji wenyewe, kazini, shuleni, au walipoomba uraia. Kwa hiyo kwenye orodha ya meli tafuta umbo la Kipoland, na kwenye hati za uraia ndiko utakakoona badiliko.

Tena, wapo Wayahudi wanaoitwa Kowalski. Katika ile sehemu ya Poland iliyokuwa chini ya Urusi, kuanzia 1826 kila dini ilikuwa na madaftari yake ya kiraia. Ukijua dini ya familia umeokoa muda mwingi.

Kuna uhusiano gani na Afrika Mashariki?

Mmoja ni wa ibada. Helena Kowalska alizaliwa Głogowiec tarehe 25 Agosti 1905, mtoto wa tatu kati ya kumi, akaingia utawa na kuitwa Faustina, akafariki Kraków tarehe 5 Oktoba 1938. Alitangazwa mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000. Rozari ya Huruma ya Mungu inayosaliwa parokia nyingi za Tanzania na Kenya inatokana na maandishi yake.

Mwingine ni wa vita. Mwaka 1940 na 1941 dola ya Kisovyeti iliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya Wapoland kutoka mashariki ya nchi yao, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Baada ya mapatano ya Julai 1941 baadhi waliachiwa, na mwaka 1942 jeshi la Jenerali Anders pamoja na raia wakavuka kwenda Uajemi. Kutoka huko raia wapatao 18,000 hadi 19,000, wengi wao wanawake na watoto, walipelekwa Afrika Mashariki na Kusini. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, yenye watu karibu 5,000. Zilikuwepo pia Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro, na Uganda palikuwa na Masindi na Koja. Kanisa walilolijenga Wapoland hao Nyabyeya, Masindi, bado limesimama. Tengeru kuna makaburi yapatayo 150.

Ukienda kusoma mawe hayo, maneno machache yatakutosha. *Ś.p.* ni "marehemu". *Ur.* ni "alizaliwa", *zm.* ni "alifariki". *Żył lat* ni "aliishi miaka" kwa mwanamume, na *żyła lat* kwa mwanamke. *Z domu* au *z d.* hutangulia jina la ukoo alikozaliwa mwanamke. Piga picha jua likiwa upande, asubuhi au jioni, ndipo herufi zilizolika zinaonekana kwa kivuli chake. Usisugue jiwe kwa brashi ya waya wala usilipake chaki. Na uandike alama za herufi kama zilivyo, kwa sababu *l* na *ł* ni herufi mbili tofauti, na kosa hilo moja hukupeleka kwenye jina jingine.

Naanzaje kumtafuta Kowalski wangu?

Anza ulipo, urudi nyuma. Usianze Poland.

*Kwanza, kusanya vitu vinne:* jina kamili la mtu, mwaka wake wa kuzaliwa hata kwa kukisia, dini yake, na jina la kuzaliwa la mke au mama yake. Hicho cha nne ndicho muhimu kuliko vyote. Jan Kowalski wako wengi hata ndani ya parokia moja. Jan Kowalski aliyeoa mwanamke mwenye jina adimu ni mmoja. Kwa kweli mbinu nzuri ya kumfuata Kowalski ni kuwafuata wanawake waliooana nao.

*Pili, pata kijiji.* Tafuta kwenye vyeti vya ndoa vya kanisa nje ya Poland, hati za uraia, orodha za meli, kadi za jeshi, barua za zamani, na nyuma ya picha. Kwa waliohamishwa na Wasovyeti, kipo Indeks Represjonowanych, orodha ya walioteswa na utawala huo. Kwa waliopelekwa Ujerumani kufanya kazi za lazima, tafuta Arolsen Archives. Ukipata jina la kijiji, usikimbie. Vijiji vinavyoitwa Kowale au Nowa Wieś ni vingi, na bila wilaya au parokia hujafika.

*Tatu, jua kijiji kilikuwa chini ya nani.* Poland iligawanywa mwaka 1772, 1793 na 1795, na haikurudi hadi 1918. Mtawala ndiye aliyeamua lugha na sura ya hati:

- Upande wa Urusi: kuanzia 1808, enzi ya sheria za Napoleon, kila tukio liliandikwa kama aya ndefu ya Kipoland, yenye umri na kazi ya baba pamoja na mashahidi. Hapo utaona kama mtu alikuwa *kowal* kweli. Kuanzia 1868 hadi Vita vya Kwanza hati ni za Kirusi, na mara nyingi zina tarehe mbili zinazopishana siku 12, au 13 kuanzia mwaka 1900. Ya kwanza ni ya kalenda ya Kirusi ya zamani. Chukua ya pili.
- Upande wa Austria: majedwali ya Kilatini, yenye namba ya nyumba. Iandike namba hiyo kila unapoiona, kwa sababu hukutenganishia akina Kowalski wawili wa kijiji kimoja.
- Upande wa Prussia: Kilatini au Kijerumani kanisani, na ofisi za kiraia kuanzia Oktoba 1874.

Nyuma ya hapo yapo madaftari ya parokia peke yake. Mtaguso wa Trento, uliomalizika 1563, uliamuru mapadri waandike ubatizo na ndoa, lakini vita na moto vimekula mengi, na parokia yenye mfululizo kamili tangu karne ya 17 ni bahati.

*Nne, tafuta mtandaoni.* Geneteka ni faharasa kubwa iliyojazwa na watu wa kujitolea. Chagua mkoa, andika Kowalski, kisha ujaze pia jina la ukoo la mke kwenye sehemu ya pili. Ukiandika Kowalski peke yake utapata maelfu ya mistari isiyokusaidia. Picha za hati zenyewe ziko Szukaj w Archiwach, tovuti ya nyaraka za taifa, na FamilySearch. Kwa Wielkopolska, eneo la magharibi ya Poland, kuna faharasa za BaSIA na Poznań Project, hii ya pili ikihusu ndoa za karne ya 19. Parokia zilizobaki ng'ambo ya mpaka wa mashariki, hati zake nyingi ziko AGAD, hifadhi kuu ya nyaraka za kale huko Warszawa.

Usipopata, usihitimishe kwamba mtu hakuwepo. Faharasa hazijakamilika, na aliyesoma mwandiko wa padri anaweza kuwa ameandika Kawalski au Kowolski. Jaribu kutafuta kwa jina la mke peke yake, au fungua daftari la mwaka husika ulipekue ukurasa kwa ukurasa. Mengi yana faharasa ya mwisho wa mwaka, iliyopangwa kialfabeti.

Na usiamini umri ulioandikwa kwenye kifo. Aliyetoa taarifa mara nyingi alikuwa jirani aliyekisia, na 60 au 70 huandikwa kwa wepesi mno. Cheti cha ndoa ni bora, kwani kwa kawaida kinataja wazazi wa pande zote mbili.

Kipimo cha DNA kitasaidia?

Kitasaidia kukanusha, na mara chache kuthibitisha. Kipimo cha kromosomu Y hufuata mstari wa baba kwa mwana, sawa na jina linavyorithiwa. Wanaume wawili wanaoitwa Kowalski wasipolingana, hawana babu mmoja kwa upande huo, na hayo ndiyo matokeo ya kutarajia. Wakilingana, rudini kwenye madaftari mtafute kijiji. Kupima kabla ya kuwa na hati ni kutupa fedha.

Napataje nakala ya cheti kutoka Poland?

Hati za kuzaliwa hukaa kwenye ofisi ya usajili ya eneo, *Urząd Stanu Cywilnego*, kwa miaka 100. Za ndoa na kifo hukaa miaka 80. Zikitimiza umri huo huhamia nyaraka za taifa, na hapo yeyote anaweza kuzisoma. Kabla ya hapo ofisi huwapa mhusika mwenyewe, mke au mume, wazazi na babu, watoto na wajukuu, ndugu wa tumbo moja, au mwenye haki ya kisheria anayoweza kuionyesha. Binamu hapewi kwa ubinamu wake.

Omba *odpis zupełny*, nakala kamili. Ada yake ni zloti 33. Nakala fupi, *odpis skrócony*, ni zloti 22, lakini haina maelezo ya pembeni, na kwa jina kama Kowalski maelezo hayo ndiyo yanayokwambia umepata mtu sahihi. Andika ombi kwa Kipoland, utaje tarehe na mahali pa tukio, uhusiano wako, na uambatishe vyeti vinavyoonyesha uhusiano huo kizazi kwa kizazi. Vyeti vya Kiswahili au Kiingereza vitahitaji tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Ukiwa Afrika Mashariki unaweza kupitia ubalozi wa Poland ulioko Nairobi au Dar es Salaam, na ada za kibalozi zitakuwa tofauti na hizi.

Kama mwaka hauujui vizuri, omba watafute ndani ya miaka miwili mitatu, ukitaja majina ya wazazi wote wawili. Ombi linalosema tu "Jan Kowalski, alizaliwa karibu 1930" litarudi bila jibu la maana, kwa sababu karani atakuwa na akina Jan Kowalski kadhaa mezani na hana njia ya kujua wako ni yupi.